Timu ya Hoki Inapoboronga: Mwongozo Kamili wa Kumpata Anayestahili Lawama

Timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, ikichapwa mechi sita mfululizo, hukumu hutoka kabla barafu haijasafishwa: kocha afungashiwe virago. Kocha akiondoka na vipigo vikaendelea, lawama huhamia kwa kipa, kisha kwa nahodha, kisha kwa nyota anayelipwa fedha nyingi kuliko wenzake. Msimu unaisha na hakuna aliyejua ugonjwa ulikuwa wapi.

Sisi tunaofuatilia hoki ya barafu tukiwa Afrika Mashariki tunanaswa kirahisi zaidi. Mechi ya saa moja jioni ya New York huanza saa tisa usiku wa Nairobi na Dar es Salaam katika miezi yao ya baridi. Wengi tunalala, tukiamka tunatazama muhtasari wa dakika chache. Muhtasari unatuonyesha bao na sura ya kipa aliyefungwa. Zile sekunde 40 zilizolizaa bao hatuzioni, na mkataba uliosainiwa miaka mitatu nyuma hatuuoni kabisa.

Mwongozo huu unasimama juu ya kanuni moja: lawama hufuata mamlaka na muda. Mtu alaumiwe kwa yale aliyokuwa na uwezo wa kuyaamua, na kwa kipindi alichokuwa na uwezo huo tu. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Ukiruka ya pili ukakimbilia ya tano, utamfukuza mtu asiye na kosa.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Msimamo wa ligi, kutoka tovuti rasmi ya NHL.
- Takwimu za mikwaju na nafasi za kufunga. Natural Stat Trick na MoneyPuck zinazitoa bure.
- Orodha ya mishahara na mikataba ya timu. PuckPedia inayo.
- Video ya mechi tatu nzima, dakika 60 kila moja. Muhtasari hautoshi.
- Majina na tarehe: mmiliki alinunua lini, meneja mkuu (anayesajili wachezaji) aliajiriwa lini, kocha lini, kila mkataba mkubwa ulisainiwa lini na nani.
- Daftari. Hesabu zote hapa ni za kujumlisha na kugawanya.

Hiyo ya tarehe ndiyo watu huiacha, na ndiyo inayobeba kazi yote. Iandike kwanza, ukurasa mmoja, kuanzia mmiliki kushuka chini.

## Hatua ya 1: Hakikisha kweli timu inaboronga

Ushindi ni pointi 2. Kufungwa katika muda wa nyongeza au kwa mikwaju ya penalti ni pointi 1. Kufungwa ndani ya dakika 60 ni sifuri. Msimu ulikuwa wa mechi 82, na kuanzia 2026-27 ni 84. Timu 16 kati ya 32 huingia hatua ya mtoano, na kwa kawaida pointi 95 hivi hutosha.

Kwa hiyo timu inayokwenda vizuri inapaswa kuwa na pointi 23 hivi baada ya mechi 20, na 46 hivi baada ya mechi 40. Linganisha na timu yako.

Tahadhari: rekodi ya 8-8-4 (ushindi, vipigo vya dakika 60, vipigo vya baada ya hapo) inadanganya macho. Inaonekana kama timu ya katikati, lakini timu hiyo imeshinda mechi 8 tu kati ya 20 na ina pointi 20. Iko nyuma.

Kabla ya mechi 15 usianze kumtafuta mkosaji. Ratiba ya mwanzo wa msimu inaweza kuwa mechi saba za ugenini dhidi ya vigogo.

Swali la pili la hatua hii ni gumu kidogo: je, viongozi wenyewe walipanga timu iwe hivi? San Jose Sharks walianza msimu wa 2023-24 kwa kupoteza mechi 11 mfululizo, na katika mechi mbili zilizofuatana walibugizwa mabao 10 kila moja, na Vancouver kisha Pittsburgh. Walimaliza na pointi 47. Lakini meneja mkuu Mike Grier alikuwa amekwishamwachia beki wake nyota, Erik Karlsson, kwenda Pittsburgh kabla ya msimu kuanza. Walikuwa wanabomoa ili wajenge. Mwisho wa msimu walipata nafasi ya kwanza ya kuchagua chipukizi wakamchukua Macklin Celebrini. Kumlaumu kocha David Quinn kwa pointi 47 na kikosi kile ni kumwonea. Timu ya namna hii hupimwa kwa chipukizi wake na kwa fedha ilizonazo mkononi, na msimamo wa ligi uweke pembeni.

Umefaulu ukiweza kuandika sentensi moja: "Timu hii ilikusudia kuingia mtoano, na iko nyuma kwa pointi kadhaa."

## Hatua ya 2: Tenga bahati na uwezo

Kisahani cha hoki ni kidogo, kinakwenda kasi, kinagonga miguu, magongo na nguzo za lango. Kwa wiki kadhaa bahati inaweza kuifanya timu nzuri ionekane takataka.

Chukua takwimu za mchezo wa watano kwa watano, yaani wakati hakuna aliye kwenye kizimba cha adhabu. Tafuta namba mbili:

Ya kwanza ni asilimia ya mikwaju yenu inayoingia wavuni. Ya pili ni asilimia ya mikwaju ya wapinzani inayookolewa na kipa wenu. Zijumlishe. Mashabiki wa takwimu huiita jumla hiyo PDO, na kwa ligi nzima wastani wake ni 100, kwa sababu bao la mmoja ni kipigo cha mwingine. Timu yenye 96 au 97 baada ya mechi 20 ina uwezekano mkubwa wa kupanda yenyewe, hata asipofukuzwa mtu.

Kisha tazama mgawanyo wa mabao yaliyotarajiwa, kipimo kinachozingatia kila mkwaju umepigwa kutoka wapi. Zaidi ya asilimia 50 maana yake mnatengeneza nafasi bora kuliko mnazoruhusu.

Mfano ulio wazi ni Edmonton Oilers mwaka 2023. Walianza kwa ushindi 3, vipigo 9 na kimoja cha muda wa nyongeza. Tarehe 12 Novemba kocha Jay Woodcroft alitimuliwa. Ukifungua takwimu za mechi zile 13 unakuta timu iliyokuwa ikitawala nafasi za kufunga, lakini kila kitu kilichofika langoni kwao kiliingia. Kris Knoblauch alichukua usukani, na baada ya muda wakashinda mechi 16 mfululizo, moja pungufu ya rekodi ya ligi. Walimaliza na pointi 104 na kufika mechi ya saba ya fainali ya Kombe la Stanley, wakafungwa 2-1 na Florida. Knoblauch alifanya kazi nzuri, sina ubishi. Lakini sehemu kubwa ya mabadiliko yale ilikuwa njiani tayari, na Woodcroft hakupewa nafasi ya kuyaona.

Tahadhari: namba hizi hazimwoshi kila mtu. Ikiwa jumla yenu iko chini msimu wa pili mfululizo, hiyo tena si bahati. Una kipa dhaifu, au huna wafungaji.

Umefaulu ukijua kati ya haya mawili lipi ni lenu: mnacheza vizuri ila matokeo hayaji, au mnacheza vibaya. Kama ni la kwanza, nenda Hatua ya 3. Kama ni la pili, nenda moja kwa moja Hatua ya 4.

## Hatua ya 3: Mkague kipa peke yake

Hakuna mchezaji mwenye uzito kama kipa. Washambuliaji huingia na kutoka kila baada ya sekunde 45 hivi; kipa hukaa dakika zote 60.

Fanya hesabu hii. Timu inapigiwa mikwaju 30 kwa mechi. Kipa anayeokoa asilimia 91 anaruhusu mabao 2.7. Anayeokoa asilimia 88 anaruhusu 3.6. Tofauti ni karibu bao zima kila usiku, na mechi nyingi za NHL huamuliwa kwa bao moja. Misimu ya karibuni wastani wa ligi umekuwa asilimia 90 hivi. Tumia huo kama mstari wako.

Ila asilimia ya kuokoa peke yake inamwonea kipa anayekaa nyuma ya mabeki wabovu. Ndiyo maana utafute pia kipimo cha mabao aliyookoa juu ya matarajio. Kikiwa hasi kwa mengi, kipa ana sehemu yake ya lawama. Kikiwa karibu na sifuri huku timu inafungwa manne kila mechi, mwache. Walio mbele yake ndio wanaomzamisha.

Ukimpata kipa na hatia, usifunge faili. Uliza: nani alimweka pale, na nani alikuwa mbadala?

St. Louis Blues wanafundisha hapa kuliko timu yoyote ninayoijua. Novemba 2018 walimfukuza kocha Mike Yeo wakampa Craig Berube kazi kwa muda. Asubuhi ya tarehe 3 Januari 2019 bado walikuwa wa mwisho katika ligi nzima, pointi 34 katika mechi 37. Kocha mpya alikuwa na zaidi ya mwezi kazini na timu ilikuwa palepale mkiani. Tarehe 7 Januari kipa Jordan Binnington alianza mechi yake ya kwanza ya NHL, wakaifunga Philadelphia 3-0. Kuanzia hapo alishinda 24, akafungwa 5 tu ndani ya muda wa kawaida, akiokoa asilimia 92.7. Timu ilimaliza na pointi 99, na tarehe 12 Juni ikatwaa Kombe la Stanley ikiwa Boston, mechi ya saba, 4-1.

Binnington hakununuliwa Januari. Blues walimchagua mwaka 2011, na msimu uliotangulia walikuwa wamemwazima kwa timu ndogo ya klabu nyingine, Providence. Dawa ilikuwa ndani ya nyumba yao. Anayepanga foleni ya makipa ni uongozi pamoja na kocha wa makipa, kwa hiyo meneja mkuu Doug Armstrong anastahili sifa ya kombe na pia sehemu ya lawama ya ile miezi mitatu ya mwanzo. Vyote viwili ni vyake.

Umefaulu ukiwa na jina la kipa, kipimo chake, na jina la aliyempa kazi.

## Hatua ya 4: Tazama mabao kwa kurudi nyuma

Sasa fungua video. Chagua mabao 10 mliyofungwa watano kwa watano. Kwa kila bao, simamisha picha kisahani kinapovuka mstari, kisha rudi nyuma hadi sekunde 90. Andika mambo manne: nani alikipoteza kisahani, kilipotea wapi, nani alikuwa amechoka, na nani alisimama mbele ya kipa.

Nikueleze utakachokiona, maana ukikijua mara moja hutakikosa tena. Beki anapokea kisahani nyuma ya lango lake. Winga wake amepanda mapema kutafuta shambulizi, hivyo hakuna wa kumpasia karibu. Beki anakipiga kando ya ukuta kwa matumaini. Beki wa mpinzani anakizuia kwenye mstari wa bluu, mchezo unarudi. Inatokea tena. Wachezaji watano wako barafuni dakika nzima na nusu sasa, wamejishika magoti, na hawawezi kubadilishwa kwa sababu katika kipindi cha pili benchi lao liko mbali na lango lao. Mpinzani amebadilisha wote. Mkwaju unapigwa kutoka mbali, beki aliyechoka anashindwa kunyanyua gongo la mtu aliye mbele ya kipa, kisahani kinabadili mwelekeo. Bao. Muhtasari utaonyesha kipa amelala chini na beki ameinamisha kichwa. Aliyelizaa bao hilo ni winga aliyepanda mapema, sekunde 90 kabla, na hayumo hata kwenye picha.

Mabao 10 yakiisha, panga makosa kwenye mafungu mawili:

Kosa la mtu mmoja ambalo halijirudii kwa wengine. Hilo ni la mchezaji.

Kosa lile lile kwa wachezaji tofauti. Mawinga wote wanne wa kushoto wakipanda mapema, wamefundishwa hivyo, au hakuna anayewazuia. Hilo ni la kocha.

Tahadhari: usimhukumu mchezaji kwa takwimu ya tofauti ya mabao akiwa barafuni. Beki bora hupangwa dhidi ya nyota wa wapinzani kila usiku na takwimu hiyo itamchafua. Jambo jingine, na nalisema kwa moyo wote: hasira ya kipigo isikutume kumwandikia mchezaji matusi, wala familia yake. Wanayasoma.

## Hatua ya 5: Mpime kocha kwa yale yaliyo mikononi mwake

Kocha hasajili. Anapanga nani acheze na nani, dakika ngapi, mfumo gani, na nini kifanyike timu ikimzidi mpinzani kwa mchezaji mmoja. Mpime kwa mambo haya matatu tu:

1. Kosa lile lile la Hatua ya 4 limepungua ukilinganisha na mwezi uliopita, au liko vilevile?
2. Asilimia ya mabao wakati mpinzani yuko kizimbani, na asilimia ya kujilinda wakati wenu yuko kizimbani. Kwa kukadiria, 20 na 80 ni za kawaida. Nyota wapo lakini mnafunga asilimia 13? Hilo ni la benchi la ufundi.
3. Mchezaji anayefanya vizuri anaongezewa dakika?

Kuna wakati kumbadilisha kocha husaidia kweli. Pittsburgh walimtoa Mike Johnston Desemba 2015, wakamleta Mike Sullivan, wakabeba kombe Juni 2016. Lakini tazama walichokuwa nacho: Sidney Crosby, Evgeni Malkin, Kris Letang. Kikosi kilikuwepo, mfumo uliwabana.

Upande wa pili ni Buffalo Sabres, Machi 2021. Walikuwa wamecheza mechi 12 bila ushindi walipomfukuza Ralph Krueger tarehe 17. Don Granato akashika timu. Wakapoteza nyingine 6. Jumla zikawa 18 bila ushindi. Kocha alikwenda, kipigo kilibaki.

Umefaulu ukiweza kusema kocha huyu ameboresha au ameharibu kikosi alichopewa. Ikiwa jibu ni "kikosi chenyewe hakina kitu", endelea.

## Hatua ya 6: Soma mikataba, maana humo ndimo meneja mkuu anapoishi

Tangu ligi irudi mwaka 2005, baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa mgogoro wa mishahara, kila timu ina kikomo cha mishahara. Kilianza dola milioni 39. Msimu wa 2025-26 kilifika milioni 95.5. Tajiri hawezi kununua njia ya kutoka kwenye makosa. Kila dola iliyowekwa pabaya imetolewa mahali pengine, na ndiyo sababu hatua hii hufichua mengi.

Chukua orodha ya mishahara. Chagua mikataba mitano mikubwa. Kwa kila mmoja andika: ulisainiwa lini, kwa miaka mingapi, mchezaji alikuwa na umri gani, nani alisaini, na anatoa nini leo. Weka alama pale fedha na kazi vinapoachana.

Mifano ya kuzoesha jicho:

Edmonton, tarehe 1 Julai 2016: Milan Lucic, miaka 7, dola milioni 42, chini ya meneja mkuu Peter Chiarelli. Msimu wa kwanza alifunga mabao 23, wa pili 10, wa tatu 6. Siku mbili tu kabla ya mkataba ule, Chiarelli alikuwa amemtoa Taylor Hall kwenda New Jersey kumpata beki Adam Larsson. Mwaka 2018 Hall alitwaa tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Todd McLellan, kocha wa wakati huo, hakusaini karatasi hata moja kati ya hizo. Novemba 2018 yeye ndiye aliyefukuzwa kwanza. Chiarelli alifuata Januari 2019.

Edmonton tena, Julai 2022: kipa Jack Campbell, miaka 5, milioni 25, meneja akiwa Ken Holland. Novemba 2023, siku chache kabla Woodcroft hajatimuliwa, Campbell alishushwa ligi ya chini akiwa anaokoa asilimia 87.3. Hapa faili ya Hatua ya 2 inafungwa vizuri: kocha alilipa kwa kipa ambaye hakumchagua yeye.

Buffalo, Juni 2019: Jeff Skinner, miaka 8, milioni 72, baada ya msimu wa mabao 40. Msimu uliofuata alifunga 14, kisha 7. Baadaye aliinuka akapita mabao 30 mara mbili, kwa haki tuseme hivyo. Hata hivyo mwaka 2024 klabu ilimlipa aondoke, na gharama hiyo itabaki kwenye vitabu vyao hadi 2029-30.

Baada ya mikataba, angalia walioondoka. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Mchezaji mmoja kung'ara kwingine ni ajali. Watatu wanne ni ushahidi.

Tahadhari: usihukumu biashara ya wachezaji kabla ya miaka mitatu. Julai 2018 Buffalo walimpeleka Ryan O'Reilly St. Louis. Mwaka uliofuata akawa mchezaji bora wa hatua ya mtoano na kombe mkononi, na biashara ile ikaonekana wizi mtupu. Lakini mmoja wa waliokuja Buffalo alikuwa Tage Thompson, na msimu wa 2022-23 alifunga mabao 47. Bado Buffalo walipoteza zaidi, ila pengo si lile lililoonekana 2019.

## Hatua ya 7: Panda hadi kwa mmiliki

Wengi hawafiki hapa, kwa sababu mmiliki haonekani barafuni na hafukuzwi. Tumia kipimo kimoja: orodhesha makocha na mameneja wa miaka kumi. Kama wamebadilika wote na matokeo hayakubadilika, tafuta kilichobaki palepale.

Fanya zoezi hili na Buffalo, mji ambao familia nyingi za Kongo zimefanya makao, kwa hiyo huenda una ndugu anayeumia na timu hii. Terry Pegula aliinunua klabu Februari 2011. Kuanzia msimu wa 2011-12 hadi 2024-25, misimu 14 mfululizo, Sabres hawakuingia hatua ya mtoano. Ndiyo rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya NHL.

Ndani ya kipindi hicho walipita mameneja wakuu wanne: Darcy Regier, Tim Murray, Jason Botterill, Kevyn Adams. Makocha: Lindy Ruff, Ron Rolston, Ted Nolan, Dan Bylsma, Phil Housley, Ralph Krueger, Don Granato, kisha Ruff tena mwaka 2024.

Sasa orodha ya walioondoka. O'Reilly tumemtaja. Jack Eichel alikuwa nahodha. Aliumia shingo Machi 2021, akataka upasuaji wa kuwekewa diski bandia, klabu ikakataa. Mvutano ulikwenda miezi mingi hadi Novemba alipopelekwa Vegas, akafanyiwa upasuaji alioutaka, akarudi uwanjani, na Juni 2023 akabeba kombe akiwa kinara wa pointi wa mtoano mzima. Sam Reinhart alikwenda Florida mwaka 2021. Juni 2024 alifunga bao la ushindi katika mechi ya saba ya fainali. Kipa Linus Ullmark aliondoka bure mwaka 2021 kwenda Boston, na 2023 akatwaa tuzo ya kipa bora.

Watu wanne. Makocha tofauti, mameneja tofauti. Kilichobaki palepale ni ofisi ya juu.

Na kuna tukio linaloonyesha ofisi hiyo ilivyofanya kazi. Mei 2020 wamiliki walitangaza kwamba Botterill anabaki. Wiki chache baadaye, Juni, walimfukuza pamoja na watu zaidi ya 20 wa idara ya hoki, wakiwemo wasaka vipaji. Msaka vipaji ndiye anayemwona kijana wa miaka 17 katika mji mdogo wa Saskatchewan au Sweden, na kazi yake huonekana miaka mitano baadaye. Ukiwafagia kwa siku moja, unavuna tupu wakati wa meneja ambaye hata hajaajiriwa bado.

Tahadhari: mmiliki kutumia fedha nyingi hakumwondolei lawama, na kubana matumizi hakumpi lawama moja kwa moja. Uliza kama anaowaajiri wanapewa miaka ya kutosha na uhuru wa kuamua.

Umefaulu ukiweza kutaja uamuzi mmoja wa mmiliki, wenye tarehe, uliofunga mikono ya walio chini yake. Bila tarehe, rudi Hatua ya 6.

## Hatua ya 8: Andika hukumu yako

Iandike katika muundo huu, kwa mpangilio wa uzito: jina, uamuzi, tarehe, madhara. Usizidishe watu watatu. Ukimlaumu kila mtu hujamlaumu yeyote.

Hukumu yangu kwa Edmonton ya vuli 2023: wa kwanza Holland, kwa mkataba wa Campbell wa Julai 2022. Wa pili Campbell mwenyewe, kwa kushindwa kuokoa. Wa tatu ni bahati mbaya ya mechi 13. Woodcroft hayumo.

Kwa Buffalo ya misimu 14: wa kwanza Pegula, kwa kubomoa idara ya hoki Juni 2020 na kwa kubadilisha watu kabla mipango yao haijaiva. Wa pili Botterill na Adams kwa pamoja, kwa namna O'Reilly, Eichel na Ullmark walivyoondoka. Wa tatu Granato, na hapa niko makini: msimu wa 2022-23 timu ilifikisha pointi 91, ikakosa mtoano kwa pointi moja nyuma ya Florida, ambao walikwenda hadi fainali. Katika pengo la pointi moja, ulinzi uliovuja msimu mzima ni wa kocha.

Ukimwonyesha shabiki mwenzako hukumu yako naye akabisha tarehe au namba, imekaa vizuri, mnaweza kusahihishana. Akibisha kwa sababu tu anampenda mchezaji fulani, mpe video za Hatua ya 4 azitazame mwenyewe.

Faili usiitupe. Ifungue upya mara tatu kwa mwaka: baada ya mechi ya 20, siku dirisha la kubadilishana wachezaji linapofungwa kuelekea mwisho wa msimu, na tarehe 1 Julai, soko la wachezaji huru linapofunguliwa. Siku hiyo ya Julai andika kila mkataba mpya, idadi ya miaka na jina la aliyesaini, kabla hujasoma maoni ya mtu yeyote.